Gari la shule, boda, teksi au miguu: mtoto anashukia upande gani wa barabara?

Kila Januari, kabla muhula wa kwanza haujaanza, wazazi wa mtaa wetu hapa Bweyogerere, nje kidogo ya Kampala, huulizana jambo lile lile: mwaka huu watoto wataendaje shule? Sare zimeshonwa, karo inatafutwa, usafiri ndio haujaamuliwa. Wengi hulinganisha bei na kuishia hapo. Nami nilifanya hivyo miaka miwili.

Jioni moja nilikuwa ukingoni mwa barabara ya Jinja nikimsubiri binti yangu, wakati huo yuko darasa la pili. Gari la shule likaja likielekea Mukono, likasimama upande wa pili. Mlango ukavutwa, akashuka, akaniona, akaanza kuja. Alipita mbele ya gari, karibu kabisa na kibao cha namba. Nyuma ilikuwa inakuja boda, nayo haikuona sababu ya kusubiri gari lililosimama, ikalipita kwa kulia. Yule kijana alikanyaga breki mpaka tairi likalia. Aligonga mkoba, si mwili. Daftari la hesabu likaangukia lami na teksi, yaani basi dogo la abiria, ikalipanda. Bado tunalo. Lina alama ya tairi juu ya jedwali la mara sita.

Nilimfokea yule kijana mpaka sauti ikakauka. Usiku nikajiuliza alikosea wapi hasa. Alilipita gari lililosimama, kwa upande wa kulia, jinsi watu wote wanavyopita hapa. Kosa lilikuwa letu sisi wapangaji: gari lilimshushia upande usio wetu, hakuna mtu mzima aliyeshuka naye, na mimi nilikuwa ng'ambo nampungia mkono kama ninayemwita.

Kwa hiyo ulinganisho huu hauanzi na bei. Unaanza na zile hatua kumi kati ya mlango wa gari na upande wa pili.

Gari likisimama, wengine wafanye nini?

Watoto wetu wameona kwenye video lile basi la njano la Marekani. Rangi yake ilikubaliwa mwaka 1939 kwenye mkutano ulioitishwa na Frank Cyr katika chuo cha ualimu cha Columbia, New York, kwa kuwa njano ile huonekana mapema hata mwanga ukiwa hafifu. Basi likikaribia kituo huwasha taa za manjano. Likisimama huwasha nyekundu na kunyoosha ubavuni mkono wenye alama ya kusimama. Hapo magari ya nyuma lazima yasimame, na yanayotoka mbele pia, ila kwenye barabara iliyogawanywa kwa ukuta au bustani katikati. Huko majimbo mengi huwaruhusu wa upande wa pili waendelee. Ndiyo maana mtoto wa Marekani hufundishwa kuvuka mbele ya basi, akitangulia hatua kadhaa ili dereva amwone.

Si nchi zote zilizochagua hivyo. New Zealand haisimamishi mtu, bali kila anayelipita basi la shule lililosimama, aliye nyuma na anayetoka mbele, hatakiwi kuzidi kilomita 20 kwa saa. Uingereza mwongozo wa barabara unamwambia dereva apite polepole na kwa uangalifu, na mtoto anaambiwa asubiri basi liondoke kwanza ndipo avuke, maana likiwa bado pale linamfunika.

Sisi tunaendesha kushoto kama Uingereza. Sheria yetu ya usalama barabarani ni ya 1998, na kanuni za mwendo za 2024 zimeshusha kasi hadi kilomita 30 kwa saa mahali penye watu wengi wa miguu: karibu na shule, hospitali, masoko na nyumba za ibada. Kwenye zebra, ile mistari myeupe ya kuvukia, dereva anapaswa kumpisha anayevuka, na haruhusiwi kumpita mwenzake aliyesimama pale. Lakini simama Bweyogerere saa kumi na moja jioni uangalie gari la shule likishusha: magari yanaendelea kulipita, boda zinalipita kulia, na nyingine zinapenya kushoto kati ya mlango na mtaro. Mtoto aliyejifunza kwenye video kwamba basi likisimama dunia nzima imesimama, huyo yuko hatarini kuliko asiyewahi kuiona video.

Hizi kilomita 30 si urembo. Gari la mwendo wa 50 hula karibu mita 14 kila sekunde. La 30 hula karibu mita 8. Mwongozo wa Uingereza unakadiria kwamba gari la mwendo wa 48 huhitaji mita 23 hadi kusimama kabisa, la 32 huhitaji mita 12. Tofauti ya hapo katikati ni urefu wa magari mawili au matatu hivi. Na ripoti za mwaka za polisi ya Uganda zimehesabu waliokufa barabarani 4,806 mwaka 2023 na 5,144 mwaka 2024, waenda kwa miguu na watu wa boda wakiwa wengi miongoni mwao.

Vipimo nilivyotumia

Njia zote nne nimezipima kwa maswali yale yale. Anashukia upande gani, na nani anamvusha? Wanaopita wanamwonaje? Ukitaka sheria ifuatwe, una nani wa kumuuliza? Halafu ndipo muda na pesa. Wenye gari lao binafsi wanisamehe, hawamo humu. Ila nao wengi wanashushia ng'ambo ya geti kwa kuogopa jamu.

Gari la shule

*Upande na kuvuka.* Hapa ndipo magari ya shule yanapotofautiana kabisa, hata ya shule moja. HiAce na Coaster zetu, yale mabasi madogo ya Toyota, zina mlango kushoto, kwa hiyo mtoto hushukia ukingoni, si katikati ya lami. Hilo ni jema kubwa. Shida ni kwa anayeishi upande wa kulia wa uelekeo wa gari. Kukiwa na matroni, yaani mtu mzima wa kuwaangalia watoto garini, anayeshuka kwanza, akamshika mkono, akasubiri gari lisogee au akasimamisha magari mwenyewe, gari la shule linazizidi njia nyingine zote. Kukiwa na dereva peke yake, basi umelipia siti tu. Uliza hivi hivi: "Matroni anashuka au anafungua mlango akiwa amekaa?" Nimewahi kujibiwa kwamba matroni yupo, kisha nikagundua ni msichana wa darasa la saba anayekaa karibu na mlango.

Jambo jingine ni pua ya HiAce. Ni bapa, dereva amekaa juu mbele kabisa. Mtoto wa darasa la pili akipita ameikaribia, kichwa chake hakifiki kwenye kioo. Dereva aliyegeuka kuhesabu waliobaki anaweza kuondoa gari bila kumwona.

*Wanaopita.* Gari ni kubwa, linaonekana. Lakini ukubwa ule ule ndio unaomficha mtoto. Taa za tahadhari zikiwashwa, baadhi ya madereva hupunguza mwendo, wengine hudhani gari limeharibika na kulipita kwa hasira zaidi.

*Sheria.* Hapa una mtu wa kumwuliza: shule ina ofisi, dereva ana permiti (leseni ya udereva), gari lina stika ya bima ya mtu wa tatu kwenye kioo. Chungulia stika, tarehe imeandikwa. Mikanda ya siti imetakiwa na kanuni tangu 2004, na HiAce ya watu 14 ikibeba watoto 25 hilo ni kosa hata kama ni wadogo na "wanabanana tu". Wazazi tunalijua na tunanyamaza, kwa sababu mtoto wetu ndiye wa ishirini na tano.

*Muda na pesa.* Unalipa muhula mzima mbele, kwa kadiri ya umbali, mtoto akiugua wiki mbili hurudishiwi. Na mtoto wa kwanza kuchukuliwa huamka mapema mno. Gari la kwetu lilikuwa linapiga honi saa kumi na moja na nusu alfajiri, wakati jua la Kampala huchomoza kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja. Yaani mwaka mzima mtoto anavuka gizani asubuhi. Jioni tunapaogopa, asubuhi tunapasahau.

*Linamfaa* mtoto wa chekechea hadi darasa la nne hivi, mwenye matroni wa kweli, na ambaye nyumbani kwao yupo mtu wa kumpokea.

Boda wa kudumu

Najua wengi mnaruka sehemu hii kwa aibu, ilhali asubuhi ndiyo mnayoitumia. Tuiangalie kwa haki.

*Upande na kuvuka.* Hapa boda inashinda gari, ukweli usemwe. Mwendeshaji anamtoa mtoto mlangoni na kumshushia getini. Havuki kwa miguu kabisa. Ukiwa naye mwaka wa tatu, anajua mbwa wa nyumba, anajua mlinzi wa shule, na mtoto anamwita mjomba.

*Wanaopita.* Ila njia nzima mtoto yupo nje, hana bati. Kila lori linalompita linampita yeye mwenyewe. Boda huovateki kuliko chombo chochote, na hupita kushoto pasipotakiwa, pale ambapo milango ya teksi inafunguka. Ubavuni mwa gari la shule lililosimama, mwendeshaji wako ndiye yule kijana aliyegonga mkoba wa binti yangu.

*Sheria.* Abiria ni mmoja. Kofia ni ya mwendeshaji na ya abiria, kwa kanuni za pikipiki za 2004. Sasa hesabu asubuhi pale stegi: wawili nyuma, mmoja mbele juu ya tangi, kofia moja, nayo imening'inizwa kwenye mkono wa usukani. Kofia ya mtu mzima kwenye kichwa cha mtoto wa miaka saba huzunguka kama sufuria. Lazima umnunulie ya kwake, yenye mkanda unaofunga kidevuni. Ukishindwa kununua hiyo, usiseme umechagua boda kwa sababu ni salama. Permiti ya pikipiki ni daraja A. Mwombe akuonyeshe. Asiyekuwa nayo ataanza hadithi ndefu.

*Muda na pesa.* Mtoto analala saa nzima zaidi, jamu haimgusi. Unalipa kwa wiki au kwa mwezi, ukikosa unaongea naye. Mvua ikinyesha hakuna shule mpaka ikatike, au kuna shule na nguo mbichi.

*Inamfaa* mtoto mmoja, si watatu. Anayefikisha miguu kwenye vikanyagio. Njia ya ndani ya mtaa kuliko barabara kuu. Na mwendeshaji unayemjua kwa stegi yake na kwao.

Teksi

Hii ndiyo Wakenya wanaiita matatu na Watanzania daladala. Nitasema machache, maana kwa mtoto mdogo peke yake siipendekezi, na kwa mkubwa inaeleweka.

*Upande na kuvuka.* Husimama popote, mradi upande wa kushoto. Mtoto anaposema "masao, stegi", yaani nishushe hapo mbele kituoni, dereva anaweza kumtupa mita 50 mbele ya zebra au nyuma yake. Kondakta mzuri hushuka kwanza na kutazama kushoto kama boda inapenya. Wapo, nimewaona, na mtoto mwerevu huwajua. Kuvuka ni juu yake mwenyewe.

*Wanaopita.* Teksi moja ikisimama, nyingine huipita kugombea abiria wa mbele. Mtoto anayetokeza kati ya teksi mbili hana anayemtarajia.

*Sheria.* Teksi ina idadi yake, watu 14, na mikanda kwa maandishi. Mtoto wa kupakatwa halipi, kwa hiyo hahesabiwi pia. Likitokea jambo, utamtafuta dereva ambaye kesho yuko njia nyingine.

*Muda na pesa.* Unalipa safari kwa safari, ni rahisi kuanza na kuacha. Asubuhi makondakta huwakwepa wanafunzi, jioni hali ni hiyo hiyo.

*Inamfaa* mwanafunzi wa sekondari, au wa darasa la sita na la saba anayekwenda na mwenzake, ambaye umeshavuka naye mara kadhaa mahali pale pale.

Miguu, kwa kundi

*Upande na kuvuka.* Nilikulia kambi ya polisi Naguru. Tulikuwa tunatembea watoto ishirini pamoja, wakubwa nje, wadogo ndani, na mama mmoja wa kambi akitusukuma kwa Kiswahili cha kufokea. Kuvuka kulikuwa mahali pamoja tu. Hiyo ndiyo nguvu ya miguu: unachagua mwenyewe pa kuvukia, hutegemei breki za mtu. Chagua penye zebra na matuta, hata kama ni mbali kwa dakika tano. Ukipata pa kupita bila kugusa barabara kuu, hilo ni bora kuliko zebra yoyote.

*Wanaopita.* Kundi huonekana, mtoto mmoja haonekani. Kizibao chenye rifleta kwa anayetangulia na anayefunga nyuma kinasaidia sana alfajiri. Mafundi wa boda huviuza. Pasipo na njia ya miguu, tembeeni upande wa kulia mkiyatazama magari yanayokuja. Watoto wengi hutembea kushoto, migongo kwa lori.

*Sheria.* Mwenda kwa miguu ana haki kwenye zebra. Mfundishe mtoto kwamba haki hiyo huanza gari likishasimama, na kwamba la kwanza likisimama aangalie kama la pili linalipita. Nyumbani tunaita hivyo: "Gari la pili je?" Jirani yangu, mama kutoka Bunia, Kongo, amewafundisha wanawe waulize kwa sauti, wote pamoja, kabla ya kukanyaga mstari mweupe. Wapita njia huwacheka. Waache wacheke.

*Muda na pesa.* Bure, ila inadai mtu mzima asubuhi na jioni. Wazazi watano mkipeana zamu, kila mmoja anatoka siku moja kwa wiki. Zamu hufa mvua za Aprili zikianza, kwa hiyo panga mapema nani atashika siku za mvua.

*Inawafaa* walio ndani ya nusu saa ya kutembea, wenye majirani wanaosalimiana.

Kwa hali yako

Kama shule na nyumba ziko upande mmoja wa barabara kuu, usilipie gari kwa sababu ya barabara. Kundi la miguu linatosha, na pesa inayobaki inunue vizibao.

Kama mtoto ni wa chekechea na lazima avuke barabara kuu, gari la shule lenye matroni anayeshuka. Asiposhuka, mpokee mwenyewe mlangoni pa gari, upande lilikosimama. Usisimame ng'ambo. Nimeshasema nilichokiona niliposimama ng'ambo.

Kama gari la shule kwenu hujaa kupita kiasi na shule haisikii, boda mmoja kwa mtoto mmoja mwenye kofia yake huenda ikawa nafuu kuliko siti ya robo, hasa kwa njia za ndani. Kwenye barabara ya Jinja au Northern Bypass, ile barabara kuu ya kuzunguka Kampala, hapana. Huko tafuta shule nyingine ikibidi, au gari jingine.

Kama ni wa sekondari na anadai uhuru wake, teksi. Nenda naye wiki ya kwanza, ukae kiti cha nyuma, umwache ashuke na kuvuka kama haupo. Utajua anachojua na asichojua.

Kama mna watoto wawili wa umri tofauti, msilazimishe njia moja. Mkubwa anaweza kutembea na kundi, mdogo akapanda gari. Wazazi hupenda wote waende pamoja ili roho itulie, kisha mkubwa wa miaka tisa anakuwa ndiye matroni.

Na kama umeshalipia gari, linapita njia yenu, ila linamshushia upande usio wenu, kuna swali moja la kumuuliza dereva kabla ya kubishana na mwalimu mkuu: "Ukigeuza kurudi Kampala, unapita hapa hapa?" Mengi hupita, kwa sababu lazima yarudi. Mtoto abaki ndani mpaka gari ligeuze, ashukie upande wa nyumbani, asivuke kitu. Dereva wetu alikubali siku hiyo hiyo, akashangaa kwamba hakuna aliyewahi kumuuliza. Binti yangu sasa hufika dakika ishirini baadaye kuliko zamani, karibu kila siku akiwa amelala begani kwa matroni, na lazima nimwamshe mlangoni pa gari.